Msimamizi, Mkufunzi au Mlezi? Uhakiki wa Istilahi za Mafunzo ya Kazini

Jina la Makurunge, kata iliyo kaskazini ya mji wa Bagamoyo, limezoeleka katika nyaraka za serikali kwa sababu mbili. Kwanza, limo katika jina la barabara ya Bagamoyo – Makurunge – Saadani – Pangani – Tanga. Pili, ni mahali penye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari kilichoanza kuzalisha mwaka 2022, juu ya ardhi iliyokuwa ikijulikana kwa jina la RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Barabara kuu na kiwanda ni mahali pa namna ile ambayo vyuo vyetu huitafuta kila mwaka ili kuwapeleka wanafunzi wa uhandisi, upimaji, kilimo, ugavi na uhasibu wakajifunze kazi kwa wenye kazi. Kwa hiyo mfano wa Makurunge unatufaa, ingawa yatakayosemwa hapa yanahusu kila karakana, ofisi na shamba linalopokea wanafunzi wa shahada za ufundi.

Makala haya hayakusudii kupima ubora wa mafunzo hayo. Makusudio yetu ni kuyahakiki majina yanayotumika kuyataja. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili cha ofisini hakina mpaka sasa jina moja linaloeleweka la mtu ambaye, mahali pa kazi, amekabidhiwa mwanafunzi ili amfunze; na kwa kuwa mtu huyo hana jina, wajibu wake nao umekosa mwenyewe. Mtafsiri anayedhani kuwa jambo hili ni la upambaji wa maneno tu na atazame barua moja ya kumpeleka mwanafunzi kazini.

Barua za namna hii hufuata mtindo mmoja. Chuo humjulisha mwajiri jina la mwanafunzi, kozi yake na muda wa mafunzo, kisha huandika maneno haya au yanayofanana nayo: "Tunaomba mumpokee na kumpa ushirikiano. Mwanafunzi huyu atakuwa chini ya usimamizi wenu." Kisarufi sentensi hizo hazina kasoro. Lakini "kumpa ushirikiano" ni kufanya nini? Na katika "usimamizi wenu", huyo "ninyi" ni nani? Ni meneja aliyeandikiwa barua, au ofisa utumishi aliyeigonga mhuri, au fundi wa zamu atakayesimama na kijana huyo mbele ya mtambo saa nane za usiku? Barua imempeleka mwanafunzi kwa watu wote, na aliyepelekwa kwa watu wote hajapelekwa kwa mtu.

1. Majina ya mafunzo yenyewe

Kabla ya kumtafutia jina mfunzaji, yafaa tuyatazame majina ya mafunzo. Jina lililoenea kuliko yote ni "mafunzo kwa vitendo". Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hulitumia inapotaja fedha za mwanafunzi anayekwenda kazini kabla hajamaliza masomo. Jina hilo hilo hutumika kwa mhandisi aliyekwisha kuhitimu, ambaye huwekwa katika mpango wa miaka mitatu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ulioanza mwaka 2003, ili astahili kusajiliwa. Tena walimu hulitumia kwa kipindi cha maabara au karakana ndani ya chuo. Hivyo jina moja linabeba hali tatu: mwanafunzi asiyetoka chuoni, mwanafunzi aliyetoka kwa muda, na mhitimu ambaye si mwanafunzi tena.

Jina la pili ni "mafunzo tarajali". Hili hutumika Tanzania kwa wahitimu, na hasa limekaa imara katika sekta ya afya, ambako watu husema "daktari tarajali" bila kusita. Sikio la msomaji hulisikia ndani yake neno "taraji", nalo linasaidia: huyu ni mtu anayetarajiwa kushika kazi. Kasoro ni pale baadhi ya ofisi zinapomwita mtarajali hata mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuja kwa wiki nane.

Jina la tatu ni "uanagenzi", neno la zamani la pwani ambalo lilipata uhai mpya katika mipango ya serikali ya kukuza ujuzi wa vijana. Mwanagenzi ni mtu aliye mchanga katika kazi, anayejifunza kwa mwenye ujuzi. Tanzania imelipeleka neno hili kwa vijana wanaojifunza useremala, umeme, ushonaji na mengineyo. Lakini wenzetu wa Kenya wamelipeleka kwingine: magazeti yao huandika "madaktari wanagenzi" na "walimu wanagenzi", wakiwa na maana ya wahitimu ambao sisi tungewaita watarajali. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya mambo makuu ya ugomvi lilikuwa malipo ya hao wanagenzi: makubaliano ya mwaka 2017 yaliwapa shilingi za Kenya zipatazo 206,000 kwa mwezi, nayo serikali ikataka kulipa 70,000. Ukiitazama kwa jicho la istilahi, ilikuwa pia tofauti ya jina. Je, mtu huyu ni mfanyakazi anayeendelea kujifunza, au ni mwanafunzi anayesaidia kazi? Anayejibu swali hilo kwa neno moja amekwisha kutaja mshahara.

Jina la nne halimo katika nyaraka, lakini limo katika vinywa vya wanafunzi wote: "fildi". Mwanafunzi husema anakwenda fildi hata kama anakwenda kukaa katika ofisi ya ghorofa ya sita mjini Dar es Salaam. Hatuna haja ya kulipiga vita neno hili. Watu wamelichagua kwa kuwa ni fupi. Lakini lijulikane kuwa linataja mahali tu, wala halisemi lolote juu ya mafunzo wala mfunzaji.

2. Ufundi unapopandishwa cheo

Kuna jambo jingine linaloongeza utata, nalo ni aibu iliyolipata neno "ufundi" lenyewe. Kilichokuwa Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kikawa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Chuo cha ufundi cha Mbeya, kilichoanza mwaka 1986, leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Majina hayo yana sababu zake, wala hatuzibishi. Hata hivyo msomaji anaweza kuchukulia kwamba ufundi ni wa vyeti vya chini, na ukifika kwenye shahada huna budi kuuacha mlangoni. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1978, kinakanusha dhana hiyo: kimebaki na jina lake na hutoa shahada. Baraza linalosimamia sekta hii nalo, tangu mwaka 2021, linaitwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na ngazi zake zinafika mpaka shahada na kupita hapo. Tena Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeleta neno "amali" kwa mkondo wa shule za sekondari. Kwa hiyo mtafsiri ana ufundi, ufundi stadi, amali na teknolojia, na kila moja lina mpaka wake kisheria. Asibadilishane nayo kwa ajili ya kuepuka kurudia neno.

Tukiitazama asili ya neno, aibu hiyo haina msingi. Shina la "-fund-" ndilo lililozaa fundi, kufunda, kufunza, fundisho, mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi. Lugha ilikwisha kumweka mtenda kazi na mfundishaji katika ukoo mmoja kabla ya kuwako chuo chochote. Atengenezaye chombo ufukweni Bagamoyo ni fundi kwa kuwa anajua kuunganisha mkuku na mataruma, na ni fundi vilevile kwa kuwa yule kijana anayepiga kalafati pembeni yake anafundwa naye. Mgawanyo wa leo, ambapo mwenye kujua kazi hukaa upande mmoja na mwenye kufundisha upande wa pili, umeletwa na madarasa.

3. Majina yanayogombea

Sasa tuyapime majina ya mtu mwenyewe, moja baada ya jingine.

(a) Msimamizi. Hili ndilo linaloandikwa mara nyingi zaidi. Ni neno zuri kwa anayeangalia kazi isimame sawa: mahudhurio, zamu, usalama, nidhamu. Lakini mtu huweza kusimamia watu arobaini bila kumfunza hata mmoja. Tena katika mashamba makubwa neno hili liko jirani mno na "mnyapara", na mwanafunzi aliyepewa msimamizi peke yake huishia kuhesabiwa pamoja na vibarua. Anayesimamia hutazama kazi, na anayetakiwa hapa ni wa kumtazama mwanafunzi.

(b) Mkufunzi. Neno hili limekwisha kuchukuliwa na vyuo, na kwa miaka mingi limemtaja anayefundisha walimu au mafundi darasani. Likitumika pia kwa mtu wa kiwandani, barua moja itakuwa na wakufunzi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kazi, na msomaji atalazimika kubahatisha ni yupi anayetajwa.

(c) Mshauri, na mnasihi. Mshauri huulizwa ndipo akajibu. Asipoulizwa hana kosa. Mnasihi anatokana na nasaha, na huduma za ushauri nasaha zimelifanya neno hilo linukie chumba chenye viti viwili na mazungumzo ya faragha. Mwanafunzi wa uhandisi mitambo anayepaswa kujifunza namna boila inavyolishwa makapi ya miwa ili kutoa mvuke anahitaji zaidi ya nasaha. Anahitaji mtu wa kumshika mkono, kumwonyesha, kumwachia ajaribu, na kumzuia kabla hajaungua.

(d) Kungwi. Wapo wanaopendekeza turudi unyagoni na jandoni. Hoja yao ina uzito, maana kungwi ana mwali wake mahsusi, anajulikana kwa jina, na mwali akiaibika yeye ndiye huulizwa. Uhusiano tunaoutafuta uko hapo ukiwa mkamilifu. Lakini neno limefungamana na siri, na mambo ya unyumba, na kwa wengi na jinsia moja. Fomu ya serikali ikiandika "saini ya kungwi" itachekwa, na istilahi inayochekwa haiishi.

(e) Mlezi. Neno hili linakaribia, lakini nalo lina vikwazo viwili. Kwanza, kila fomu ya shule nchini ina mstari wa "mzazi au mlezi", na sheria inamjua mlezi kuwa ni mtu anayesimama mahali pa mzazi. Mwanafunzi akipewa fomu ya mafunzo yenye "jina la mlezi", ataipeleka kwa ami yake aisaini. Pili, vyama na klabu zetu vimezoea kuwa na "mlezi" ambaye ni mgeni wa heshima: hukaribishwa, huhutubia, huchangia, huondoka. Mlezi wa namna hiyo ndiye asiyetakiwa mbele ya mtambo.

4. "Saidia fundi" na "injinia"

Pahali ambapo nyaraka hazitoi jina, watu hujipatia lao. Kwenye ujenzi, kijana asiye na cheo huitwa "saidia fundi". Jina hili limeundwa kwa ustadi: kitenzi na nomino, bila kiambishi cha mtu. Yeye si msaidizi wa fundi, mwenye nafasi yake. Ni tendo tu, la kusaidia. Mwanafunzi wa shahada anapofika bila mtu maalumu wa kumpokea, mara nyingi huangukia moja kati ya majina mawili. Ama atakuwa saidia fundi, abebe na afagie mpaka wiki zake ziishe. Ama ataitwa "injinia", nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli, apewe kiti na asiguse kitu. Wa kwanza amefanya kazi bila kujifunza. Wa pili hakufanya wala hakujifunza. Wote wawili watarudi chuoni na fomu iliyopigwa mhuri.

Liko pia tatizo la lugha ya fomu. Vyuo vyetu vya shahada hufundisha kwa Kiingereza, na madaftari ya kumbukumbu za mafunzo kwa kawaida huwa katika lugha hiyo. Fundi aliyekaa na mwanafunzi kutwa hutakiwa kuthibitisha maelezo ambayo huenda hayasomi kwa raha. Basi daftari hupelekwa ofisini, likasainiwa na mtu asiyemwona mwanafunzi kazini. Aliyefunza hakuandikwa, aliyeandikwa hakufunza. Huu ndio upotevu mkubwa kuliko wote, kwa sababu ujuzi wa fundi yule haumo katika hesabu ya taifa ya waliofunza, wala hatapata hoja ya kuombea nyongeza au cheo.

5. Asili ya istilahi ya kigeni

Yafaa pia tujue neno tunalolitafsiri limetoka wapi. Mentor ni jina la mtu katika utenzi wa kale wa Kiyunani unaohusishwa na Homer. Odysseus alipokwenda vitani Troy alimkabidhi Mentor nyumba yake, akamwacha na mwanawe mdogo Telemachus. Jina hilo lilienea Ulaya kwa maana ya mshauri mwenye hekima baada ya Mfaransa Fénelon kuandika kisa cha Telemachus, kilichotolewa mwaka 1699. Ndani ya utenzi wenyewe Mentor hafundishi sana. Mara nyingi anayesema kwa sura yake ni Athena. Kiini cha habari yake ni kukabidhiwa: baba hayupo, mtoto yupo, na mtu mmoja ameachiwa amana kwa jina lake.

Ndiyo maana tunadiriki kusema kuwa tafsiri iliyo karibu zaidi na maana ni ile yenye kulea ndani yake. Mwanafunzi aliyetoka chuoni kwa wiki nane ni amana, na waswahili husema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kinachotakiwa ni kuliwekea neno hilo mpaka ili lisichanganywe na mlezi wa nyumbani au wa klabu.

6. Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

(1) "Mafunzo kwa vitendo" yabaki kwa kipindi ambacho mwanafunzi aliyeandikishwa chuoni anakaa mahali pa kazi kama sehemu ya masomo yake. Yale ya ndani ya chuo yaitwe "mazoezi ya maabara" au "mazoezi ya karakana".

(2) "Mafunzo tarajali" yawe ya aliyehitimu tu, naye aitwe mtarajali, awe daktari, mhandisi au mwingine.

(3) "Uanagenzi" uwe wa mkataba wa kujifunza kazi baina ya mwanagenzi na mwenye kazi. Mtafsiri wa habari za Kenya aeleze kwa maneno machache panapotokea tofauti.

(4) Mtu anayekabidhiwa mwanafunzi aitwe "mlezi wa kazi", na wajibu wake "ulezi wa kazi". Fasili iwe hivi: mtu wa mahali pa kazi, mjuzi wa kazi inayofunzwa, aliyetajwa kwa jina na kukubali kumfunza mwanafunzi fulani kwa muda fulani.

(5) "Msimamizi" abaki na mahudhurio, zamu na usalama. Mwalimu wa chuo anayekuja kupima aitwe "mtathmini". Mtu mmoja aweza kushika nafasi mbili, lakini kila nafasi iwe na mstari wake katika fomu.

(6) Kitabu cha kumbukumbu za kila siku kiitwe "daftari la kazi", nacho kiwe na safu ya Kiswahili ambayo mlezi wa kazi anaijaza au anasomewa kabla hajatia saini.

Patakuwa na pingamizi. Wa kwanza atasema istilahi ya maneno matatu ni ndefu. Tunajibu kuwa "mlezi" litatosha ndani ya karakana mara jambo likifahamika. Maneno matatu ni ya fomu na mkataba, mahali ambapo utata una gharama. Wa pili atakumbusha kuwa ulezi ni nafaka. Ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kudhani kwamba ulezi wa yatima hupikwa uji, muktadha hutenganisha. Atakayeuliza kwa nini isiwe "malezi" ajibiwe kwamba malezi ni yale anayopewa mwanafunzi, na ulezi ni nafasi ya anayeyatoa.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Litasema kwamba fundi aliyeishia darasa la saba hawezi kuitwa mlezi wa mwanafunzi wa shahada. Hili kwa hakika ni shaka juu ya fundi, wala istilahi haina kosa. Kijana anajua kanuni za joto na mgandamizo. Fundi anajua sauti ya mtambo unaokaribia kuharibika. Aliyekwisha kupita mbele katika kazi hiyo ndiye mlezi katika kazi hiyo, na shahada haigeuzi utaratibu huo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwahi kwenda mbali zaidi, likataka wanaotaka kuingia Chuo Kikuu wafanye kazi kwanza na wapate maoni ya waliofanya nao kazi. Utaratibu ule haupo tena, lakini fikra iliyokuwa ndani yake, kwamba mtu wa kazini ana la kusema juu ya msomi, haijapoteza maana.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo maneno ya barua na mikataba yetu si maneno ya adabu tu. Mwanafunzi akiumia kazini, swali litaulizwa kwa Kiswahili: alikuwa nani hapa, na alikuwa mikononi mwa nani? Waandishi wa barua za vyuo wanaweza kuanza kulijibu kabla halijaulizwa. Mahali pa "atakuwa chini ya usimamizi wenu", waandike: "Mwanafunzi huyu amekabidhiwa kwa mlezi wa kazi ambaye jina lake na saini yake vipo hapa chini." Kisha waache mstari, na barua isikubaliwe kurudi chuoni mstari huo ukiwa mtupu.